Mkulima Namba Arobaini na Saba

Ushirika wa kakao, mpunga na ndizi pale Busale una wanachama sitini na watatu, na kwenye tovuti yao kila mwanachama alikuwa na anwani yenye jina lake, isipokuwa mmoja. Huyo aliitwa namba arobaini na saba. Aliyeijenga tovuti ni Asifiwe, mke wa Nelson, na namba arobaini na saba alikuwa baba mkwe wake.

Mwanzo wote walikuwa namba. Ukurasa wa mkulima ulifunguka kwa anwani ndefu iliyojaa alama za kuuliza na za sawasawa. Mwenyekiti Yakobo alijaribu kumsomea anwani mojawapo mnunuzi wa Dar es Salaam kwa simu, akafika katikati, akakohoa, akaanza upya. Mnunuzi akakata.

"Binti," Yakobo akasema siku ileile, "nataka anwani ya kutamkika. Mtu ana kakao, iandikwe kakao, halafu jina lake. Basi."

Asifiwe akafanya, tena kwa ufundi. Neno la kwanza la anwani ndilo lililoiambia tovuti ivae kiolezo kipi: kakao ukurasa wa kahawia, mpunga wa kijani, ndizi wa njano. Neno la pili lilikwenda kwenye ghala la taarifa kumleta mkulima mwenyewe. Kwa kuwa akina Tumaini walikuwa watatu, na wote wa kakao, ilibidi maneno hayo ayaandike kwa mkono, mkulima mmoja mmoja. Arobaini na sita wa kwanza hawakumpa shida. Hapo vidole vikagoma.

Sisi tusio wakwe zake tunaweza kumtaja: mzee anaitwa Ambilikile. Lakini Asifiwe alilelewa na bibi yake kule Ngana, na kwa bibi yule mkamwana hamtaji baba mkwe, hamtazami usoni, na wakikaribia kukutana njiani yeye ndiye anayeingia migombani. Wanawake wa rika lake wanayacheka mambo hayo. Wanakula meza moja na wakwe zao na kuwaomba vocha. Asifiwe hakuweza. Miaka mitatu alikuwa amelikwepa jina lile, sasa aliandike herufi kwa herufi, dunia nzima isome? Akamwomba Nelson aje ofisini aandike yeye. Nelson akasema kesho. Kesho ya Nelson ilikuwa na wiki mbili.

Basi akaiacha nafasi hiyo tupu, akaendelea na waliofuata. Mkulima asiye na anwani yake alibaki na namba, na tovuti, isipojua imvalishe nini, humvalisha kiolezo cha akiba. Kiolezo cha akiba kilikuwa kile Asifiwe alichofanyia majaribio siku za mwanzo, kwa picha ya bata wake.

Jumatano, Mikidadi mwenye duka la simu Kyela mjini akamfungulia mzee ukurasa wake. Bata mweupe, mnene, akawatazama wote wawili. Chini yake paliandikwa: Njoo na kapu lako.

"Mzee wangu," akasema Mikidadi, akijikaza asicheke, "kakao umeacha lini?"

Kumwambia hivyo Ambilikile! Mtu anayeichachusha kakao yake siku sita kamili, anaigeuza mwenyewe, na haruhusu hata kuku kupita karibu na mkeka! Na Ijumaa wanunuzi walikuwa wafungue tovuti wachague mashamba matatu ya kutembelea. Alifika nyumbani akamwambia mkewe kwa sauti ya kuvuka ua: "Wenzangu wana majina. Mimi namba, kama ng'ombe wa mnadani. Tena bata! Yule ananidharau, na mimi nilidhani nimepata mwana."

Maneno yakamfikia Asifiwe jikoni. Alilia mpaka wali ukaungua. Heshima yote ile, na imesomeka dharau.

Alhamisi aliwahi ofisini amwombe Yakobo amwandikie. Hajafungua mdomo, mzee mwenyewe akatokea mlangoni, amekuja kushitaki. Asifiwe akaruka nyuma ya magunia ya kakao.

"Yuko wapi?"

"Hayupo," akasema Yakobo, akiyatazama magunia.

"Basi mwambie huyo asiyekuwepo, kwa nini mimi ni bata?"

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya magunia: "Mwenyekiti, mwambie baba siwezi kuliandika jina lake. Ni baba mkwe wangu. Nitaliandikaje?"

"Anasema..."

"Nimesikia." Mzee akakaa. Hasira ilimtoka palepale, akabaki ameishika kofia. Nelson, mwanawe wa kumzaa, humwita mshua mbele za watu. "Mwulize, mambo hayo bado anayashika? Siku hizi?"

"Anauliza..."

"Bado," yakajibu magunia.

Mzee akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta. "Basi nitaandika mwenyewe. Anielekeze."

"Mwenyekiti, mwambie abonyeze kitufe cha bluu."

"Bonyeza kijani," akasema Yakobo.

"Kasema bluu, nina masikio."

"Basi bluu."

"Aandike zao kwanza, halafu jina. Jina likiwa na maneno kadhaa, kati yake aweke kistari."

Mzee akaandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi. Kakao ikaisha. Asifiwe akaanza kuhesabu milio ya vitufe. Jina lile lina herufi kumi, hilo alilijua bila kulitaja. Milio ikafika kumi, ikapita, ikakoma kwenye ishirini.

"Mwambie asome kama nimekosea," akasema mzee, akavaa kofia, akatoka.

Asifiwe akajitokeza, vumbi la kakao kichwani. Bata hakuwepo. Ukurasa ulikuwa wa kahawia, na jina lililokaa chini ya picha akalifunika kwa kidole gumba, kama kawaida yake. Juu, kwenye anwani, paliandikwa: kakao/baba-mkwe-wa-asifiwe.

Akasoma kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa sauti, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza akawa amemtaja.

Nje ya dirisha mtu akakohoa. "Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa, na nyayo zikaondoka.

Ijumaa wanunuzi wakapiga simu: wataanzia kwa Baba Mkwe wa Asifiwe. Jumamosi Nelson akaingia ofisini, akavuta kiti, akakunja mikono ya shati, akauliza ni jina gani lile la kuandika. Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale.

"Mwenyekiti," akasema mzee, "mwambie amechelewa."