Mfuko wa Koleta

Serikali haikutunyima mbolea. Naanza na hilo, maana watu wa huku juu wakinisikia nalalamika wanadhani nina ugomvi na serikali. Mbolea ya ruzuku ilikuja, ikapangwa dukani Same mjini, na kwa bei ile hata mimi mjane ningeimudu. Yangu tu ndiyo haikuwepo.

Kosa tulilifanya wenyewe, tena kwa raha zetu. Sisi wanawake sita wa kitongoji kimoja tunalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayepima nani katoa jasho zaidi. Basi siku ya kuandikishwa tulitoa namba moja ya simu, ya Koleta, Mama Paschal. Simu yangu hulala bila chaji wiki nzima, ya Dorkas anatembea nayo mwanawe. Koleta anapatikana muda wote, na ni mtu wa kuaminika. Mwandikishaji akatuuliza kama tuna hakika. Tukamcheka. Koleta kwa adabu yake akatutanguliza sote, yeye akaandikishwa wa mwisho.

Mahindi yalipofika magotini tukashuka Same kuchukua mbolea ya kukuzia. Muhidin, mwenye duka, akaingiza ile namba kwenye simu yake, akatazama, akaingiza tena.

"Mama zangu, hapa namwona Koleta peke yake."

"Na sisi?" nikauliza.

"Namba moja, mkulima mmoja, mama. Kila mlipoandikwa, wa nyuma alimfuta wa mbele."

Dorkas akamwambia basi atuandike sasa hivi, si tuko mbele yake? Muhidin akasema hana uwezo huo. Akapiga simu kuuliza, akajibiwa kuwa uandikishaji umefungwa hadi msimu ujao. Nilimfokea mpaka wateja wakageuka, na nilijua kabisa kuwa namwonea. Yeye akanisogezea kiti. Mifuko ya bei ya kawaida ilikuwa pale pale, lakini hata ningeuza mbuzi wangu wote nisingeifikia.

Tukapanda kurudi na mfuko mmoja wa Koleta, mwenyewe analia njia nzima. Alipofika kwake akaufungua hapo hapo uani.

"Leteni vyombo, tugawane."

Nani asingetaka? Mahindi yangu yalikuwa yameanza kuwa ya njano kuanzia majani ya chini, na ndiyo yanayotulisha mimi na wajukuu hadi mwakani. Lakini mfuko mmoja kwa mashamba sita ni kuyanusisha tu. Tungekosa sote.

"Acha, Mama Paschal," nikasema. "Bora pawe na shamba moja la kueleweka."

Wenzangu wakaitikia. Moyoni nilikuwa naomba hata mmoja wao anipinge.

Na zamu iliyofuata ilikuwa ya Koleta. Angeweza kuweka mbolea yeye na mumewe Loth, lakini zamu ni zamu, na asiyekwenda atasemwa ana kijicho. Tukaenda. Unaweka kizibo kimoja cha soda kando ya kila shina, unafukia ili jua lisiimalize. Nilifanya kazi safi kuliko siku zote, kwa hasira. Koleta alitupikia makande, akatupakulia bila kutuangalia usoni, kama tuko msibani.

Tulipomaliza mvua ikaanza, ya taratibu, isiyobeba udongo. Ndiyo mvua anayoiomba mkulima aliyekwisha kuweka mbolea. Koleta alitaka kufurahi, akashindwa.

"Mshukuru Mungu, Mama Paschal," nikamwambia. "Imekuja kwa wakati wake."

Nikajifunika khanga kichwani, nikapanda kwangu. Ilikuwa inanyesha na huko pia, vizuri kabisa, na chini ya mahindi yangu hapakuwa na kitu cha kuyeyusha.