Kaburi la Polikarpi

Siku Theoneste alipoulizwa kaburi la baba yake liko wapi, alimeza mate mbele ya watu mia mbili, na kila mtu aliliona koo lake likipanda na kushuka. Mama yake, Costansia, alikuwa ameketi majanini pamoja na wanawake wenzake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1994, kura za maoni za kumpata mgombea udiwani. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, lakini katika kata ile ya nyuma ya Nyaishozi wapinzani ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo vita vilikuwa humohumo ndani ya chama, na ndugu wakigombana hawaoneani haya, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake anaumia wapi. Waliobaki kwenye kinyang'anyiro walikuwa wawili: Theoneste, katekista aliyefundisha dini katika kanisa dogo la kigango, na Byabato, mnunuzi wa kahawa mwenye pikapu na sauti ya kuamsha wafu.

"Mimi sina ugomvi na katekista," Byabato alisema siku ile, akitabasamu kama bwana harusi. "Nauliza tu. Babu yangu amelala kwenye kibanja chetu, humo kwenye migomba. Baba yangu amelala ubavuni pake. Mimi nami mtanilaza hapohapo. Mwenzangu baba yake amelala wapi? Kibanja kisicho na kaburi, jamani, si kibanja. Ni shamba la kupanga."

Watu walicheka, kisha wakageuka kumtazama Theoneste, na macho yale ndiyo yaliyouma. Nchi ile mtu hujulikana kwa wafu wake. Karatasi za serikali huliwa na mchwa, ila kaburi lililo kati ya migomba halibishaniwi. Na mwaka ule, maelfu kwa maelfu walikuwa wakivuka mpaka kukimbia mauaji ya Rwanda, na neno "mgeni" lilikuwa limeota meno. Costansia na mumewe Polikarpi walitoka hukohuko Rwanda, vijana wabichi, wakaja kuchuma kahawa za watu, hadi mzee mmoja aliyeitwa Rwegoshora akawapa kibanja. Theoneste alizaliwa hapo. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Na Polikarpi hakuwa na kaburi kwa sababu Costansia hakukubali kwamba amekufa. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Idi Amin, alichukuliwa pamoja na wanaume wengine kubebea jeshi masanduku ya risasi. Wenzake walirudi. Mmoja wao, Methodius, alisema walimwacha Mbarara, ndani ya Uganda, akiwa hoi, mguu umevimba kama mto wa kulalia. Baada ya hapo, kimya. Majirani walimshauri Costansia anyoe nywele kama wajane wote, atandaze majani sebuleni, watu waje walie yaishe. Alikataa. Miaka kumi na mitano alikataa. Mpini wa jembe la Polikarpi ulipoliwa na mchwa, alichonga mwingine, na huo nao ulipoliwa akachonga wa tatu.

Katika kijiji cha pili Theoneste aliulizwa swali lilelile. Safari hii alifoka, akamwita Byabato mshenzi, na kura zikamkimbia kama kuku walioona mwewe. Jioni yake mwenyekiti wa chama wa kata, mzee Kaijage, alifika nyumbani kwao.

"Shikamoo, mzee," Costansia alimwamkia, akamsogezea kiti.

"Marahaba, mama. Sitakaa sana." Akamgeukia Theoneste. "Wewe unapigwa palepale kila siku na kila siku unapaacha wazi. Vijiji vimebaki viwili. Mtu aliyefia mbali huzikwa kwa shina la mgomba badala ya mwili wake. Hilo tunalifanya tangu mababu. Baba yako alikufa akiitumikia nchi hii, kwa nini hamjamzika?"

"Kwa sababu hajafa," Costansia alijibu. "Mtu hazikwi akiwa safarini."

Kaijage alitazama chini, akaaga. Theoneste alibaki, akapiga magoti mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipopata kipaimara.

"Mama, miaka kumi na mitano. Angekuwa hai asingeleta hata salamu? Leo wanasema mimi si wa hapa. Kesho watakuambia wewe ufunge mizigo. Wanangu nitawapeleka wapi? Huko watu wanakokukimbia?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Costansia alimtazama yule mwanaume mzima aliyempigia magoti, akaona bado ni mwanawe, na akaogopa. Hicho ndicho kilichomshinda: hofu. Alisema sawa.

Jumamosi walikata mgomba. Theoneste akauliza, "Baba alikuwa na urefu gani?" Costansia akainua mkono juu ya kichwa chake, akaushusha kidogo, na shina likakatwa hapo. Walilifunga kwa rubugo, ile nguo ya magome ya mti wanayozikia wazee, wakalilaza shimoni. Msalaba wa saruji ulikuwa umeandaliwa na jina juu yake. Wanawake walimnyoa Costansia hadi kichwa kikang'aa. Alilia kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, kwani alihisi ameshika panga na kumuua mumewe kwa mkono wake. Watu waliona mjane mwaminifu. Walitokwa na machozi, nao hawakuigiza.

Katika kijiji cha tatu Byabato aliuliza tena. Maskini, wimbo aliujua huo mmoja. Theoneste alingoja watu watulie. "Baba yangu," alisema, "aliibebea nchi hii risasi mgongoni hadi akaanguka. Njooni nyumbani niwaonyeshe alipolala." Akafuta macho. Katika kijiji cha nne alikuwa ameshajua ni neno gani la kufutia macho, na ni wapi pa kunyamaza ili kina mama wagune. Costansia alimsikiliza hadi mwisho. Yule aliyekuwa akisoma masomo ya Jumapili kwa kutetemeka alikuwa amekwenda zake, na aliyesimama pale hakuwa akitetemekea chochote.

Theoneste alishinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Kaijage alipiga makofi, akasema mgombea aliyenusurika mikononi mwa ndugu zake hawezi kuuawa na jirani. Byabato naye alivua shati la chama akavaa la upinzani, na mwezi wa kumi wakakutana tena, sasa kwenye uchaguzi wenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku tisa watu wapige kura. Mkutano wa Theoneste ulifanyika kwenye uwanja wa kukusanyia kahawa, umati umejaa, na Costansia alikuwa amewekewa kiti mbele, mama wa mgombea, kitambaa kichwani. Katikati ya hotuba pikapu ya Byabato iliingia. Alishuka, akamshika mkono mzee mmoja akamteremsha polepole. Mzee alivaa koti la jeshi lililochujuka, mguu mmoja akiuburuta, bega la kulia limeinuka juu ya la kushoto.

Lile bega Costansia alilijua tangu ujana wao. Aliinuka kabla hajajua kwamba ameinuka. Kitambaa kilimponyoka kikaangukia shingoni.

"Mgombea," Byabato alinguruma, "mzee huyu nimemkuta Nyaishozi ametoka Uganda kwa miguu. Anauliza kwa Polikarpi ni wapi. Nikamwuliza wewe nani? Akasema ndiye Polikarpi! Haya, tuambie. Unamfahamu?"

Theoneste alikuwa na miaka kumi na saba baba yake alipoondoka, asingeweza kutomjua. Costansia alilitazama koo la mwanawe. Halikupanda wala kushuka.

"Simfahamu," Theoneste alisema, taratibu, kwa upole wa kuhubiri. "Shikamoo, mzee wangu. Naona umechoka, na kuna watu wasio na haya wanaokutumia. Baba yangu amelala migombani. Ninyi wote mmeliona kaburi lake."

"Tumeliona!" umati uliitikia.

"Basi tumwulize mama!" Byabato alimgeukia Costansia. "Mama, wewe ni Mkristo. Huyu ni mumeo au siye?"

Costansia alifungua kinywa. Miaka kumi na mitano alikuwa amelitunza neno moja tu, ndiyo, na sasa neno lenyewe lilikuwa limekuja kudaiwa, nalo halikutoka. Akisema ndiyo, mwanawe ni mwongo aliyezika mgomba ili apate kura, na wote ni wageni, yeye na wajukuu. Akisema siyo, Mungu anasikia.

Mzee hakuwa akimtazama machoni. Alikuwa akikitazama kichwa chake, nywele zilizoanza kuchipua fupi, zote kwa kimo kimoja. Alikitazama kwa muda mrefu. Hakuna mwanaume wa kule asiyejua kichwa cha mjane. Costansia alimwona akielewa, na angeona afadhali apigwe kofi.

"Nisameheni," mzee alisema, akaondoa mkono wake mikononi mwa Byabato. "Nimepotea. Uzee. Mimi ni wa upande wa Chonyonyo, si wa hapa. Huyu mama simjui."

Umati uliangua kicheko, wakamzomea Byabato hadi akajifungia ndani ya pikapu. Katika vurugu ile mzee aliondoka akiburuta mguu, na hakuna aliyemwangalia isipokuwa mmoja, ambaye aliketi tena kitini.

Nyumbani, Costansia alimsubiri mwanawe mlangoni. "Ulimwona."

Theoneste alijifunika uso kwa viganja. Kwa dakika moja alikuwa tena mtoto wake. "Mama, zimebaki siku tisa. Siku tisa tu. Nikishapita, nitamtafuta mimi mwenyewe, nitamweka mahali pazuri."

"Na sasa hivi je?"

"Sasa hivi watu wa Byabato wananifuata hata chooni. Na wewe watakufuata. Ukienda, umeniua."

Naye hakwenda. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye, mambo yalipojulikana, watu walimtupia katekista lawama zote. Siku tisa Costansia alipika, akalima, akapokea wageni wa kampeni, na kila alipoitazama barabara aligeuza uso.

Theoneste alishinda kwa kishindo. Byabato hakuambulia hata theluthi. Kaijage alimwaga rubisi, pombe ya ndizi, akawaambia watu wamshukuru Byabato, maana bila zile kura za maoni wangepata diwani mlaini wa kumezwa bila kutafunwa. Walishangilia sana.

Siku ya tatu Costansia aliondoka alfajiri bila kuaga. Alifika Chonyonyo jua limepita utosi, akauliza huku na huku, hadi akaelekezwa kwenye kigango kimoja, ambako mwanamke aliyeitwa Vestina alikuwa akifagia.

"Mzee wa mguu mbovu? Ee, mama, umechelewa. Alikuja hapa anaomba kibarua cha kulima, na hata jembe hawezi kuinua. Tukampa kibanda cha nyuma alale. Homa ikamshika. Alifariki siku ileile ya kupiga kura. Tumemzika pale." Alionyesha kwa ufagio tuta la udongo mwekundu nyuma ya kanisa.

"Hakusema jina lake?"

"Tulimwuliza ili tuandike msalabani. Akasema jina lake limekwisha kutumika. Homa, unajua. Tukaandika Mgeni." Vestina alimkazia macho, kisha uso ukamchangamka. "Lakini wewe si mama yake diwani mpya wa kule Nyaishozi? Nilikuona kwenye sherehe ya ushindi! Ukatembea yote haya kwa ajili ya mtu baki? Mwambie Mheshimiwa tunashukuru, anawakumbuka hata wageni."

Costansia alisema atamwambia.