Mkia Mzito

Mwanangu alikuja kupima chumba changu nikiwa ndani. Hakubisha hodi. Aliingia na futi kamba, akaikanyaga ncha yake kwenye kona kwa kidole gumba cha mguu, akarudi kinyumenyume hadi ukuta wa pili huku midomo ikihesabu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli, msasa mkononi, roketi mapajani, vumbi la mbao limenijaa hadi kwenye nyusi. Alinikwepa kama anavyokwepa kabati.

"Mita tatu na robo," alijisemea. "Meza itaenea."

"Meza ya nani?"

"Mama, si tulishaongea?"

Tuliongea, ndiyo. Kazi ya mwanangu ni kujibu wateja kwa simu kutwa, naye huifanyia hapa hapa nyumbani, na mwanawe mchanga akianza kulia, wateja huuliza kama wamekosea namba wakapiga kliniki. Anahitaji mahali penye utulivu, sikatai. Tatizo ni kwamba ahadi nilimpa mimi mwenyewe. Wiki tatu nyuma, hasira zimenipanda, nilisema mezani mbele ya mume wangu, mwanangu na mkewe, kijiko bado kiko mkononi: "Roketi yangu ikianguka mara ya tatu, hicho chumba chukueni!" Ulimi hauna mfupa. Ungekuwa nao, ningeufunga plasta siku ile ile.

Maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja: kufunga plasta mifupa iliyovunjika, hospitalini, katika chumba kisicho na dirisha. Watoto walioanguka ngazini, vijana wa pikipiki, wazee walioteleza bafuni, wote walipita mikononi mwangu. Siku moja nilimfunga mguu mhandisi mmoja mcheshi, akanieleza kuhusu chama chao cha watu wanaounda roketi ndogo kwa mikono na kuzirusha kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa. Nikaenda kuangalia tu. Kitu chenye urefu wa mkono wangu kikapaa fyuu, na shingo yangu, iliyoinama miaka yote ile juu ya mifupa ya watu, ikainuka.

Nilipostaafu, wenzangu walinipa saa ya ukutani. Mimi nikajipa stoo. Nikatoa magunia na vitanda vibovu, nikaweka meza, taa, makopo ya gundi na rangi, nikaifanya karakana. Ni chumba cha kwanza maishani mwangu ambacho mtu haletwi akilia. Sasa mwenye akili timamu aniambie: ningekitoaje?

Kanuni ya chama ni hii: mwanachama mpya ana mirusho mitatu, na yote mitatu ikishindikana, jina lake linakatwa. Katika mrusho wangu wa kwanza, pezi moja lilibanduka hewani. Mapezi ni yale mabawa madogo ya mkiani yanayoishikisha roketi njia. Likipungua moja, kazi imekwisha. Roketi ilizunguka kama mlevi, ikaanguka, na watu wakacheka. Nilirudi nyumbani nikafanya ambalo mikono yangu inalijua. Nilichana karatasi vipande vyembamba, nikavilowesha gundi, nikayafunga mapezi pale yanaposhikana na mwili, tabaka juu ya tabaka, kama ninavyofunga kifundo cha mguu. Kisha nikapaka rangi nyekundu, nikasugua, nikapaka tena, mpaka ungeweza kuhesabu meno yako humo.

Mrusho wa pili, mapezi hayakubanduka ng'o. Ila roketi nzima ilipinduka kabla haijavuka paa la kiwanda, ikapiga sarakasi mbili, ikaja kujikita karibu na viatu vya Mwenyekiti wa chama. Mwenyekiti ni mtu wa kofia pana na sauti pana zaidi. Aliiokota kwa vidole viwili, kwa mkia, kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

"Bibi, hapa hatufungi wagonjwa," alisema, uwanja mzima ukisikia. "Mkia umekuwa mzito kuliko pua. Roketi ni kama mshale, uzito ukae mbele. Nenda nyumbani ukafume sweta."

Ndiyo siku niliyotamka yale maneno mezani. Na kesho yake nikaongeza matabaka mengine matatu kwenye mapezi, jumla saba, kwa ukaidi mtupu. Anifundishe mimi kufunga? Mimi?

Basi, mwanangu alipokunja futi kamba yake na kutoka, akaingia baba yake. Mume wangu ni muuza nyama. Miaka arobaini amekata na kupima, na mkono wake ukisema robo kilo, mizani haibishi. Aliichukua roketi, akailaza juu ya kidole kimoja, akakisogeza kidole nyuma, na nyuma, na nyuma tena. Ilitulia kidole kilipokaribia kabisa mapezi.

"Mama Plasta," alisema taratibu, "huyu mnyama ana makalio."

"Toka."

"Nakwambia kama muuza nyama. Yule Mwenyekiti wenu..."

"Usimtaje humu ndani!"

"Mdomo wake mchafu. Lakini jicho lake zima."

Nikamwambia akauze maini. Nilimnunia mchana kutwa, na jioni nikampakulia chakula nikitazama ukuta.

Kuna kipimo ambacho kila mrusha roketi anakijua. Unafunga uzi pale roketi inapokaa sawa, injini ikiwa ndani, kisha unaizungusha juu ya kichwa kama kombeo. Ikitangulia pua, nenda nayo uwanjani. Ukitangulia mkia, iache nyumbani. Mwenyekiti alikuwa ametuhimiza tukifanye kila mara, na kwa kuwa ni yeye aliyehimiza, mimi sikukifanya. Ijumaa asubuhi, mume wangu akiwa dukani na mwanangu akibembeleza wateja kwenye simu, nilitoka uani na uzi wangu.

Ukatangulia mkia. Nikasema nimefunga vibaya. Nikafunga upya, nikazungusha kwa nguvu zaidi. Mkia tena. Roketi yangu nyekundu, inayong'aa kama tufaha, ilikuwa inakwenda kinyumenyume kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kukosea hakuniumi, nimekosea sana maishani. Kinachouma ni kukosolewa na mtu usiyempenda, halafu akawa sahihi. Nililia kidogo, kwa hasira, si kwa huzuni. Naomba ieleweke hivyo.

Njia rahisi ingekuwa kujaza udongo puani ili pande zote ziwiane. Lakini injini yenyewe ni kibomba cha baruti kisichozidi kidole gumba, isingeinua mzigo wote ule. Ilikuwa lazima kupunguza. Nilirudi karakana, nikachukua kisu changu cha zamani cha kukatia plasta, nikakiweka kwenye pezi la kwanza, na mkono ukagoma. Mkono huu! Umekata plasta za maelfu ya watu bila kutetemeka.

Nikajiuliza, unaogopa nini, mwanamke wewe? Na jibu lilikuwa pale pale. Wagonjwa wangu nilikuwa nikiwaambia kwamba plasta ina siku yake. Ikipitiliza, msuli unanywea, ngozi inachubuka, mtu anatoka na mkono kama kijiti. Walikuwepo waliokuja siku ya kukatwa wakaninyima mkono wenyewe, wakidai niwaongezee wiki, eti mfupa bado. Mfupa ulikuwa umeunga zamani, wao tu walikuwa wamezoea kuogopa. Niliwacheka wale watu, Mungu anisamehe. Tangu lile pezi libanduke, kila nilipoligusa nilisikia vicheko vya uwanjani, nami nikaongeza tabaka. Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi.

Nikakata. Tabaka la saba, la sita, la tano, rangi niliyoisugua wiki nzima ikidondoka sakafuni kama maganda. Chini ya tabaka la pili nilikuta gundi imeshika kama jiwe. Nililivuta pezi kwa vidole, nikalivuta kwa koleo. Halikutikisika. Nikaacha tabaka moja tu, nikapiga msasa, nikarudi uani. Safari hii ikatangulia pua, na nikaizungusha mpaka bega likawaka moto. Rangi sikuipaka tena. Muda nilikuwa nao, sikutaka tu.

Jumamosi mume wangu alifunga duka, na mwanangu alikuja pia. Alisema anakuja kunisindikiza. Najua alikuja kushuhudia. Mwenyekiti aliitazama roketi yangu, nyekundu hapa, nyeupe pale, mkia una mabaka.

"Hii ina surua?"

"Inapona."

"Umeipima kwa uzi?"

Nilitoa uzi, nikaizungusha pale pale mbele ya meza yake, ikavuma duara pana mpaka akashika kofia na kurudi hatua mbili.

"Basi, bibi, basi. Nimeona."

"Kuhusu mkia ulikuwa sahihi," nilimwambia, na nilitaka uwanja mzima usikie. "Kuhusu sweta ulikosea."

Niliichomeka kwenye fimbo ya chuma ya kurushia, nikaunganisha waya, nikarudi nyuma hatua kumi na tano. Tukahesabu. Nikabonyeza kitufe. Ikatoka fyuu, imenyooka, imenyooka mno, ikavuka paa la kiwanda, ikavuka bomba la moshi, ikawa doa, kisha nikawa natazama mahali ilipokuwa. Nilifurahi. Sina neno jingine la kusema, nilifurahi. Huko juu mwavuli wake wa kitambaa ukafunguka, watu wakapiga makofi.

Halafu upepo ukaja. Mwavuli ulisukumwa polepole, kama mtu anayeondoka sherehe bila kuaga, ukapita juu ya ukuta wa uwanja, ukashukia ng'ambo tusikokuona.

"Safi sana," alisema Mwenyekiti, akatazama saa. "Lakini kanuni ni kanuni. Chombo kisipofika mezani ndani ya dakika ishirini, naandika kimeanguka."

Lango lilikuwa upande wa pili kabisa wa kiwanda. Kuzunguka kwenda na kurudi ni saa nzima. Ukuta wenyewe ulinizidi kimo kwa dhiraa nzima. Niliufuata, nikavua viatu, nikaujaribu kwa mikono. Mwanangu akanikimbilia.

"Mama, jamani, basi. Una miaka sitini na miwili."

"Umeiona ikipaa?"

"Nimeiona."

"Imeanguka?"

Alitazama chini. "Hapana," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama, kuhusu chumba, tunaweza kuzungumza. Hata nusu..."

"Sikuombi chumba," nilimwambia. "Nakuomba bega."

Akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kubisha, nikamjua, tangu utotoni huvuta hivyo hivyo. Halafu akachuchumaa, ndani ya shati lake jeupe la kupigia simu ambalo wateja hawalioni, akaweka viganja ukutani. Nikapanda. Mguu mmoja, wa pili. Alipoinuka nilisikia magoti yake yakilia, nikamwambia asinywee, ajikaze, kisha abaki pale pale aidake roketi nitakapoirusha juu ya ukuta, nami nikajivuta mpaka nikakaa juu ya ukuta, nguo imechanika, kiwiko kinavuja damu.

Mume wangu alikuwa amefika chini, viatu vyangu mkononi, anacheka mpaka machozi.

"Mama Plasta! Ukivunjika, nani atakufunga?"

"Nitajifunga mwenyewe!"

Ng'ambo kulikuwa na nyasi zinazofika kiunoni, na mbali, upepo ukiuburuta mwavuli wangu, roketi inarukaruka nyuma yake. Mapezi yote manne nilikuwa nayaona.

"Zimebaki dakika kumi na nne!" Mwenyekiti alipaza sauti.

"Zinatosha," nikasema, nikaruka.