Kupiga Kinyozi

Ofisi ya kamusi ina sheria moja isiyo na huruma: neno la mitaani haliingii kitabuni mpaka mashahidi wawili waeleze asili yake na kutia sahihi kwenye kadi. Mhariri aliipenda sana sheria hiyo, mpaka siku ilipomgeukia.

Alikuwa anakusanya misemo ya wacheza dadu, kazi tamu kuliko mshahara wake. Nyuma ya karakana ya mchomelea vyuma, saa ya mapumziko ya mchana, alijifunza kwamba dadu mbili zikionyesha moja na moja, mtupo wa kushindwa, huitwa "macho ya mkwe", kwa sababu yanakutazama nawe huna la kusema. Akajifunza "kupuliza", yaani kumbembeleza bosi, kwa kuwa mchezaji huipulizia dadu kabla ya kuirusha, na dadu haina habari naye. Aliandika huku akicheka.

"Na 'kupiga kinyozi'?" akauliza. Mji mzima ulilisema neno hilo. Timu ikiongoza tatu bila halafu ikafungwa, imepiga kinyozi.

Wachezaji wakatazama viatu vyao.

"Hilo liruke, mwanangu," akasema mchomelea vyuma.

"Siruki neno, mzee."

"Haya. Ni marehemu baba yako."

Kumbe siku moja, miaka mingi nyuma, baba huyo kinyozi alishinda mara tatu mfululizo, na kwa desturi yao mwenye tatu huondoka bila kuitwa mwoga. Mbele yake palikuwa na baiskeli, redio na jogoo mzima anayewika. Badala ya kuaga, akaweka dau kiti chake cha kunyolea, kile cha kuzunguka. Yakamtokea macho ya mkwe. Kesho yake wateja walinyolewa wamekalia ndoo. Binti yake, ndiye mhariri mwenyewe, aliambiwa kiti kimeibiwa, na kwa miaka yote hiyo aliwalaani wezi wasiokuwepo.

Mchomelea vyuma akatia sahihi; nafasi ya shahidi wa pili ikabaki wazi. Mhariri akatoka na aibu iliyochanganyika na hasira. Ijumaa kamusi inakwenda kuchapwa. Akilificha neno, amekuwa tapeli. Akiliandika, anamzika baba yake mara ya pili, safari hii kama mjinga rasmi.

Alimkuta mama yake jikoni akichambua maharage. Akamwekea kadi mezani.

"Mama, niichane?"

Mama akaisoma, akatafuta miwani, akaisoma tena. "Waongo wakubwa," akasema.

Mhariri akashusha pumzi. "Kwa hiyo si kweli?"

"Ni kweli, ila wamekupa nusu. Baba yako alikuwa ameshasimama aondoke. Mimi niko mlangoni, nimemletea chakula chake. Nikamwambia, 'Wanaume wenzako hawaogopi.' Nilikuwa naitaka cherehani ya fundi nguo, na fundi alikuwa hajacheza bado." Akayasukuma maharage kando. "Akakaa. Wakamcheka mpaka anaingia kaburini, na hakunitaja hata siku moja. Nami nikajinyamazia, maana kunyamaza kulikuwa kunanifaa."

Akachukua kalamu, akatia sahihi pale pa shahidi wa pili.

"Sasa andika: kinyozi na mkewe."

"Mama, watu wanasema kinyozi tu."

"Waseme watakavyo. Wewe andika ilivyokuwa."