Saa ya Nyota Makanya

Bwana mpima alipomaliza kupima viwanja vya kijiji cha ujamaa Makanya, alimwachia Lukasi, mshika mnyororo wake, saa ya mfukoni yenye tarakimu ishirini na nne. Lukasi akarudi nayo nyumbani kifua mbele.

"Hii inafuata nyota, mama Honorata. Kila nyota ina namba yake kitabuni. Ukiitoa namba hiyo kwenye saa, unajua nyota imepita utosini tangu lini."

"Na ugali unaiva lini, inajua?" mkewe Eliakunda akamchokoza.

Lukasi akacheka, akaenda kuilinganisha na saa ya stesheni. Ilikuwa mwisho wa Juni. Stesheni saa tisa alasiri, na yenyewe tisa.

"Unaona?" akamwambia mkewe aliporudi. "Hata saa za Kiswahili inazijua."

Jambo moja alilosikia kwa mpima hakulisema: nyota huwahi kuliko jua, kwa hiyo saa ile hutangulia dakika nne kila siku. Akaitundika msumarini, akaenda semina Same siku nane.

Sasa, njia fupi ya kwenda bombani ilikatiza machimbo ya jasi. Baruti hulipuliwa saa tisa kamili. Ikifika tisa na robo kimya, basi siku hiyo hakuna mlipuko, watu hupita.

Siku ya nane Honorata alishika ndoo. Eliakunda akatazama msumarini: tisa na dakika ishirini na tano. Kimya.

"Pita machimboni, mwanangu. Leo hawalipui."

"Mama, mbona kivuli cha nyumba bado kifupi?"

"Unabishana na saa ya bwana mpima wewe? Nenda."

Mtoto akaenda. Eliakunda akabaki anakitazama kivuli kile. Akatoka hadi kwa jirani mwenye redio.

"Shikamoo mzee Yahaya. Saa ngapi?"

"Marahaba. Tisa kasoro dakika tatu. Kaa, taarifa ya habari inakuja."

Hakukaa. Alikimbia, kanga ikamdondoka njiani asiirudie. Kutoka ukingoni akamwona Honorata kule chini, katikati ya weupe wa jasi, anatembea haraka, amebakiza hatua chache atoke upande wa pili.

"Honorata! Honorata we!"

Mtoto alilelewa vizuri. Akiitwa na mama yake husimama. Akasimama, akageuka, akatua ndoo ili asikie vizuri anaambiwa nini.

Ardhi ikatikisika. Vumbi lilipotulia, Eliakunda alikuwa bado anaita.