Supu ya Ijumaa

Mwaka ule Mizuho alikuwa amewaka ari kweli kweli. Aliuza miwani katika duka moja pale Kurayoshi, mji mdogo wa Japani; mshahara wa kujibana, chumba kimoja tu cha kupanga, lakini ukimsikia akizungumza ungedhani amekabidhiwa wizara. Watoto wanakula mkate mkavu peke yao, mama zao bado wako kazini, na mji mzima umekaa kimya! Akawavuta rafiki zake wawili, wakaomba ukumbi wa mtaa, na kila Ijumaa jioni wakawa wanapika wali, mchuzi wa kari na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa. Mtoto halipi kitu.

Mzee Nagumo alitokea wiki ya pili. Alikuwa dereva wa lori la maziwa aliyestaafu, na mkewe alikuwa amefariki. Alisimama mlangoni na kisu chake mwenyewe kimeviringishwa kwenye taulo, akawatazama.

"Hivyo vitunguu vimewakosea nini?" aliuliza. "Sogea, binti."

Kuanzia siku hiyo supu ikawa yake.

Halafu rafiki mmoja akahamia Osaka, wa pili akapata mchumba, na Mizuho akabaki na masufuria. Kusema kweli, naye alikuwa amechoka. Alikuwa ameanza darasa la ufinyanzi, na moyo wake wote ulikuwa umehamia huko. Ijumaa moja akabandika karatasi mlangoni: Tumepumzika kidogo. Hakumpigia mtu simu. Miezi ikapita, naye akawa anazungukia njia ya mtoni ili asiuone ule ukumbi.

Walikutana sokoni, kwenye rafu ya vyakula vinavyopunguzwa bei jioni.

"Mizuho! Mbona umekonda hivyo? Au ndiyo mapenzi?"

"Mapenzi wapi, mzee."

Mzee Nagumo akacheka, kisha akashusha sauti. "Siku nyingi nataka kukuomba radhi. Yule mama aliyesema supu yangu ina chumvi mno, nilimjibu vibaya. Nikajua ndicho kilichowafanya mfunge. Mngeniambia tu, ningebaki na vitunguu vyangu."

Mizuho alifungua mdomo. Maneno ya kweli yalikuwa pale pale, mafupi kabisa. Badala yake akajisikia akisema, "Usijali, mzee. Yamekwisha."

Mzee wa watu akainama mbele yake mpaka chini, pakiti ya tofu, jibini ya soya, mkononi, akamshukuru.

Jioni ile aliyarudia maneno yake mwenyewe. Si kwamba amemdanganya tu, amemsamehe! Amejifanya mkosewa, akapokea shukrani kabisa.

Jumapili akaenda kwa mzee, akasimama pale pale kizingitini akayasema yote. Hawakufunga kwa sababu ya supu wala ya yule mama. Alichoka tu, akapata jambo jingine la kumfurahisha, akaona haya kuwaambia.

Mzee Nagumo alishika ukingo wa mlango.

"Mimi nimeacha hata kwenda kucheza karata na wenzangu," alisema. "Naogopa kukutana na yule mama njiani. Na wewe juzi ukanisamehe."

"Ndiyo, mzee."

"Ukanisamehe mimi!" Alicheka, ila kicheko hakikuwa na furaha. "Nenda nyumbani, binti."

Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa iliyofuata Mizuho alifungua ukumbi peke yake. Alifuta vumbi, akakata vitunguu huku akijikata vidole, akaharibu sufuria ya kwanza ya wali. Walikuja watoto watatu. Msichana mmoja aitwaye Kotone, aliyekuwa amepata mapengo mawili tangu walipoonana mwisho, alichungulia jikoni.

"Babu wa supu yuko wapi?"

"Amenikasirikia."

"Hata sisi tulikukasirikia," Kotone alisema, akanyoosha bakuli.

Mizuho akampakulia. Alitamani mtoto aongeze neno, hata la kumsuta, lakini Kotone alikuwa na njaa, akaenda zake mezani.

Mzee Nagumo hakuja Ijumaa hiyo, wala zilizofuata. Siku moja Mizuho alimwona kupitia dirisha la klabu ya wazee, ameshika tena karata zake, anamzomea mwenzake kwa kucheza ovyo. Alisimama nje kidogo, akafurahi, na furaha yenyewe ikamchoma. Kisha akaenda kununua vitunguu.