Namba kwenye Mkoba wa Profesa

Fundi alikuwa na mdomo usiopoa, kama cherehani yake. Mwaka ule binti yake alipopimwa akili shuleni, akiwa na miaka sita, na majibu yakarudi mia moja ishirini na nane, ambapo mtoto wa kawaida hupata kama mia, hakuna mteja aliyechukua sketi yake bila kusimuliwa habari hiyo mwanzo hadi mwisho. Ikamtosha? Wapi. Alichukua uzi mwekundu akaitarizi namba hiyo kwenye mfuko wa mbele wa mkoba wa mtoto, tarakimu kubwakubwa, kazi safi kabisa. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita mtoto Profesa, na mama akawa anatembea kifua mbele.

Sasa Profesa alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amepimwa tena, na safari hii amepata mia moja na kumi na tatu.

Fundi alifunga duka mchana kweupe akaenda shuleni. Mpimaji alikuwa mwanamke mpole, na gauni alilovaa siku hiyo lilishonwa na fundi huyohuyo.

"Mwalimu, usinifiche," fundi alisema kabla hajakaa. "Akili za mwanangu zimekwenda wapi? Alama kumi na tano zinapoteaje hivihivi?"

"Hakuna kilichopotea, mama. Kaa kwanza. Alipokuwa na miaka sita ulimshonea sare ya saizi gani?"

"Ya miaka minane. Alikuwa amerefuka kuliko wenzake."

"Na sasa?"

"Ya miaka kumi."

"Kwa hiyo amefupika?"

"Afupike wapi! Kila muhula nashusha pindo la sketi yake."

"Basi na namba hii ni hivyo," mpimaji aliendelea. "Inasema amesimama wapi kati ya watoto wa umri wake. Maswali aliyojibu juzi, wakati ule asingeyagusa. Amekua, na wenzake wamekua pia, kila mmoja kwa mwendo wake. Tena kwa watoto wadogo namba hii haitulii. Hata kiuno changu, ukinipima kabla ya kula na baada ya kula, utapata kimoja?"

"Chako wewe ndiyo kabisa," fundi alisema, na wote wawili wakacheka. Moyo wake ulianza kurudi mahali pake.

Mpimaji ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Ila kuna kitu lazima nikuambie. Zamani alikuwa anabahatisha, akikosea anacheka, tunaendelea. Juzi kila swali asilokuwa na hakika nalo alisema hajui. Nikamwuliza, mbona hujaribu? Akanijibu, 'Nikikosea, mama itabidi afumue mkoba.'"

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko sindano zote zilizowahi kumchoma. Alishukuru, akaaga, na njia nzima hakumsimamisha mtu kuongea naye.

Jioni Profesa alikuwa ameketi kwenye meza ya kukatia nguo. Mkoba wake ulikuwa chini, mfuko wa mbele umegeuziwa ukutani. Mama aliuchukua, akaketi karibu naye, akaanza kukata uzi mwekundu kwa wembe, pole pole ili asitoboe kitambaa.

"Kwa sababu nimeshuka?" mtoto aliuliza.

"Hujashuka, mwanangu. Umekua. Mimi ndiye niliyekosea. Mkoba ni wa vitabu, siyo wa namba." Alimpa ncha ya uzi. "Vuta."

Mtoto alivuta. Uzi ulitoka mrefu, ukamchekesha kidogo.

"Haya, nionyeshe swali moja ulilosema hujui."

Profesa alichukua chaki ya kuchorea nguo, akachora pembetatu kwenye kitambaa cheusi, moja baada ya nyingine, kila moja imegeuka kidogo. Ya mwisho haikuwepo, ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Alichora moja, akaitazama, akaifuta kwa kiganja. "Siyo." Akachora nyingine, akainamisha kichwa, akaifuta nayo. Mama hakuelewa hata robo ya mchezo ule, lakini alijisikia kuvimba kwa fahari hadi machozi yakamlenga. Siku ya namba nyekundu hakuwa amefurahi hivi.

Hapo akaingia jirani kuchukua blauzi yake. "Enhe, Profesa wetu kapimwa tena, nasikia. Kapata ngapi?"

Mkono wa mtoto ukasimama juu ya kitambaa.

"Mia moja na kumi na tatu," fundi alisema, kwa sauti ileile aliyoitangazia ile ya kwanza.

"Aa, si ilikuwa mia ishirini na nane?"

"Ilikuwa. Sasa sogea kidogo, shoga, unamzibia mwanga. Anafikiri."

Jirani alisogea. Chaki ikaanza tena.